Je, Bei ya Soko Ina Dhambi?



Jumapili moja baada ya ibada tulibaki wachache chini ya turubai tukingoja mvua ipungue. Baba mmoja akatuuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka. Baba huyu alikimbia kutoka wilaya ya Beni, akaacha nyuma shamba la kakao alilolipanda kwa mikono yake. Kama wengi wetu, alivuka pale Mpondwe, akalala siku chache Bwera, kisha akaletwa hapa makazini. Mgao ulipopunguzwa alirudi Bwera kutafuta kibarua, akakipata katika stoo ya mnunuzi mmoja wa kakao. Kazi yake ilikuwa kuanika, kugeuza, na kushona magunia.

Siku ya tatu yalifika magunia kutoka ng'ambo. Alipoyafungua alikuta kakao isiyochachuka, imetoka katika matunda mabichi na mabivu yaliyochanganywa pamoja. "Mwenye shamba havuni hivyo," alituambia. "Anayevuna hivyo ni mtu ambaye hakupanda, naye anaogopa kukutwa." Hata hivyo aliianika. Jioni alilipwa, akanunua posho na maharage, watoto wakala. Swali lake lilikuwa hili: fedha ile ni halali mbele za Mungu?

Kijana mmoja wa sekondari alijibu upesi. "Mzee, usijisumbue. Hizo ni nguvu za uchumi. Bei ikipanda Ulaya, kakao itatembea tu. Usipoianika wewe, ataianika mwingine."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akasema, "Mwanangu, na sisi tuliofukuzwa, tulifukuzwa na nguvu za uchumi?"

Hakuna aliyejibu. Mvua ikakatika, tukaondoka. Nimeona vema nilichukue swali hilo hapa, kwa maana naamini si la baba yule peke yake.

Kwanza nataka kumtendea haki kijana yule, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Nchi hii tuliyoipitia, kutoka mto Lhubiriha mpaka mjini Kasese, karibu kila kitu ndani yake kimesogezwa na bei. Chukua chumvi ya Katwe. Kabla ya Mzungu kufika, chumvi ile ilisafiri mbali kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu, na mfalme wa Bunyoro, Kabalega, alijua kwamba anayeishika Katwe anashika mfuko wa nchi nyingi. Stanley alipita hapo mwaka 1889. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alikuja na askari, akaitwaa Katwe na kujenga ngome akaiita Fort George. Hakuja kwa sababu ya uzuri wa ziwa.

Kisha mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji wakakubaliana mpaka. Mto ambao watu walikuwa wakiuvuka kwenda kuposa na kuzika ukawa ukingo wa dola mbili. Mkonzo wa huku na Mnande wa kule wanaelewana lugha mpaka leo, lakini mmoja alikuja kulipa kodi kwa shilingi na mwingine kwa faranga. Na penye fedha mbili na bei mbili pamezaliwa magendo. Wazee wa Bwera watakuambia habari za miaka ya Idi Amin. Jalidi kali iliangamiza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa mpaka kufika kilele mwaka 1977, lakini serikali ilimlipa mkulima wa Uganda fedha kidogo isiyonunua hata sabuni. Kahawa ya milima hii ikavushwa usiku kwenda Zaire. Siku hizi mzigo unatoka Kongo kuja huku. Njia ni zile zile, zimegeuzwa tu.

Hata mji wa Kasese wenyewe ni mtoto wa shaba. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya machimbo ya Kilembe, na katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa tatu za Uganda za kuuzwa nje, pamoja na kahawa na pamba. Watu walitoka kila upande kuja kuchimba. Baadaye bei ya shaba ikaanguka, utawala ukaharibika, machimbo yakanyamaza, na reli ikaota nyasi. Lakini sikilizeni jambo la ajabu. Kulikuwa na lundo kubwa la mabaki lililotupwa nje ya mji kwa miaka mingi, kwa kuwa waliotaka shaba hawakuwa na haja nalo. Ndani yake mlikuwa na kobalti. Dunia ilipoihitaji, kiwanda kilijengwa, na kuanzia mwaka 1999 mpaka 2013 lile lundo la takataka lilisafishwa na kuuzwa. Kumbe kitu kinaweza kulala pale pale bila kubadilika hata kidogo, na thamani yake ikabadilishwa na watu walio mbali ambao hawajawahi kuona Rwenzori.

Kwa hiyo kijana hakusema uongo. Bei inaamuru wapi reli ipite, mji upi ukue, na mlima upi utobolewe. Nami nitamwongezea mfano ulio mzito kuliko yote, wa nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1888 daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyeishi Belfast, alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Alianza kwa baiskeli ya mwanawe mdogo. Hakuna ubaya wowote katika baba kumrahisishia mtoto baiskeli! Lakini baada ya baiskeli yakaja magari, dunia ikalilia mpira, na mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajakomaa. Mpira wa mwitu ulikuwepo katika misitu ya Kongo, na Kongo wakati ule ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kila kijiji kikapangiwa kiasi cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao warudi na mpira. Askari aliyetumia risasi alitakiwa aonyeshe kuwa hakuipoteza kwa kuwinda nyama, basi akaleta mkono wa mtu aliyekatwa. Haya tumeyasikia kwa babu zetu. Idadi ya waliokufa hesabu zake zinatofautiana, lakini wote wanaohesabu wanasema mamilioni.

Hapa ndipo ninapoachana na kijana wetu. Tukisema mpira ndio uliofanya, au bei ndiyo iliyofanya, tumesema nini? Bei haina mkono wa kushika panga. Bei ilimwambia Leopold kwamba kuna faida. Haikumwambia awafunge wanawake. Hilo alilichagua yeye, na mawakala wake wakalichagua, na kila askari akalichagua kwa sehemu yake. Mahali pengine duniani watu walipata mpira kwa njia nyingine, na bei ilikuwa ile ile.

Tena kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye nampenda sana, kwa kuwa hakuwa mkubwa wala shujaa. Alikuwa karani. Jina lake E. D. Morel, kijana wa kampuni ya meli ya Liverpool, na kazi yake ilimpeleka bandarini Antwerp kuangalia mizigo ya Kongo. Karani huyu alitazama daftari. Meli zilikuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zilirudi Kongo na bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha kulipa mali ile yote. Akajiuliza: kama hawalipwi, basi wanaufanyia nini kazi mpira huu? Akapata jibu bila kukanyaga Kongo, kwa kuwa alikubali kuelewa maana ya tarakimu ambazo makarani wengine waliziandika kila siku na kwenda nyumbani kula. Mwaka 1901 aliacha kazi. Mwaka 1904 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kudai mabadiliko Kongo.

Wamisionari nao walikuwemo. Mwaka huo huo wa 1904 baba mmoja, jina lake Nsala, alifika kwenye misheni ya Baringa amebeba kitu ndani ya majani. Kilikuwa mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mama Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alimwomba akae barazani, akampiga picha. Picha ile ilionyeshwa makanisani Uingereza na Marekani, watu waliokuwa wakiendesha baiskeli zao kwa raha wakaiona. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, sitawadanganya. Lakini wale waliosema kwamba biashara ni biashara na haiwezi kuzuiwa, walikosea.

Sasa turudi kwenye kakao, maana ndiyo iliyomleta baba yule kwetu.

Wengi wenu kutoka Beni mnakumbuka kwamba wazazi wetu hawakuwa watu wa kakao. Walikuwa watu wa kahawa. Mwaka 1989 mapatano ya nchi zinazouza na kununua kahawa yalivunjika, bei ikaanguka karibu nusu, na Rwanda, Uganda na Zaire zote ziliumia. Kisha ukaja ugonjwa wa kunyauka, mibuni ikakauka imesimama. Watu wakang'oa, wakapanda kakao. Ulikuwa uamuzi wa busara, nyumba za mabati zilijengwa na watoto wakasomeshwa. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji yalipozidi katika vijiji vya Beni, mashamba yale yalibaki na matunda mtini. Mti wa kakao haujui kama mwenyewe amekimbia.

Halafu bei ikapanda. Ivory Coast na Ghana, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipata mavuno mabaya kwa sababu ya magonjwa ya miti na hali ya hewa. Mwanzoni mwa 2023 tani moja katika soko la New York ilikuwa chini ya dola 3,000. Machi 2024 ilipita dola 10,000, na Desemba mwaka huo ilifika kama 12,000. Mwaka 2025 ikaporomoka tena. Katika miezi ile ya bei kubwa, shamba lililoachwa na mkimbizi likawa kama duka lisilo na mlango. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika taarifa zao kuhusu kakao ya Beni inayovushwa kwa magendo kuingia Uganda. Sisi hatukuhitaji taarifa.

Niseme hapa kwa heshima kwamba sitaki msomaji ainuke akaanza kuwanyoshea kidole wenyeji wetu. Watu wa Kasese na Bwera wametupa maji, wametupa mahali pa kulala, na Juni 2023 wao wenyewe waliwazika watoto wao, wanafunzi wa shule ya Lhubiriha pale Mpondwe, katika shambulio lililoua watu zaidi ya 40. Kuna wanunuzi wengi waaminifu, na kuna kakao nyingi halali inayolimwa pande zote mbili za mpaka. Tena wezi wa mashamba yetu, wengine ni majirani zetu wa kule kule. Hilo tulikubali.

Je, basi jibu ni kukataa? Wapo wanaosema Mkristo asiguse kabisa. Ningependa liwe jepesi hivyo. Lakini tulishaona katika madini. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda mara kadhaa, wakati viwanda vya simu na kompyuta vilipoigombania, na Kivu ikajaa bunduki kuliko majembe. Watu wema wa nchi za mbali wakaona haya. Mwaka 2010 Marekani ikatunga sheria ya kuzitaka kampuni zake ziseme kama madini yao yanatoka Kongo na jirani zake, na Septemba mwaka huo serikali ya Kongo ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Wanunuzi wengi walikimbia. Wenye bunduki walipata njia nyingine, lakini mchimbaji wa kawaida, ambaye aliwalipia watoto shule kwa koleo lake, alibaki na njaa. Nia ilikuwa njema, na mzigo ukamwangukia asiye na nguvu.

Biblia nayo inatupa mifano miwili ambayo ukiiweka pamoja inasumbua. Katika 2 Samweli 23, Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kati ya adui wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina chini mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha. Lakini Paulo, katika 1 Wakorintho 10, anawaambia waumini wale chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Ila mtu akiwaambia wazi kwamba nyama hii imetolewa kwa sanamu, waiache.

Wengine humshika Daudi, wengine humshika Paulo. Mimi nimewaza hivi. Daudi alikuwa jemadari, angepata maji mengine. Angeweza kumimina. Mama mwenye watoto wanne, ambaye mwaka 2023 aliwekwa katika kundi la mgao mdogo au kundi lisilopata kabisa, hawezi kumimina posho chini. Mgao ule wenyewe ulipungua kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua, na vita vya Ukraine mwaka 2022 vilipandisha bei ya ngano na mafuta duniani. Naye Paulo haondoi kabisa wajibu: ukishaambiwa, umeambiwa. Baba yetu aliambiwa na yale matunda mabichi.

Kwa hiyo naona hatia haigawanywi sawa kwa sawa kama mgao wa sabuni. Inapimwa kwa nafasi ya kukataa aliyonayo kila mmoja. Anayeanika kwa kibarua cha siku ana nafasi ndogo sana. Mwenye stoo ana nafasi kubwa kuliko yeye, anaweza kuuliza, anaweza kurudisha gunia. Msafirishaji nje ana zaidi. Na mtengeneza chokoleti wa Ulaya ana nafasi kubwa kuliko wote, wala asituambie hawezi kujua. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kulinda misitu inayodai kila shamba la kakao lionyeshwe mahali lilipo kwenye ramani. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini imeonyesha kwamba jambo lawezekana. Anayeweza kuuliza kama mti ulikatwa, anaweza pia kuuliza kama mwenye shamba alikimbia.

Serikali nazo hazikuachwa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa makosa ya vita vya 1998 hadi 2003, baada ya kuamua mwaka 2005 kwamba iliwajibika. Katika fedha hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa nchi uliochukuliwa. Tunaweza kulalamika kwamba ni kidogo, na mjane wa Ituri ataiona lini ni swali jingine. Lakini angalieni: majaji hawakusema ni nguvu za uchumi. Walitaja nani alipe, nani alipwe, na kwa ajili ya nini. Zakayo naye, alipoteremka mtini, hakusema ni kodi ya Kaisari iliyomfanya awe vile. Alianza kuhesabu.

Mama yule aliyeuliza kama tulifukuzwa na nguvu za uchumi, ningependa kumjibu hivi: bei iliifanya ardhi yetu itamaniwe, mama, lakini waliokuja usiku walikuwa watu, na walionunua baadaye walikuwa watu.

Kuhusu baba yetu. Wazee wa kanisa walikaa naye, hawakumtenga wala hawakumwambia arudishe fedha. Mmoja alimwuliza tu kama alijaribu kuuliza mzigo ule ulikotoka. Akasema alijaribu, na mwenye stoo akamjibu kwamba anayeuliza sana kesho asije. Akaendelea kwenda mpaka kazi ilipokwisha. Sasa hayuko tena Bwera, na amekubali niandike haya bila jina lake.

Kabla hatujaagana alinionyesha daftari la shule la mwanawe. Nyuma, kurasa za mwisho, alikuwa ameandika kila siku aliyofanya kazi pale: tarehe, idadi ya magunia yaliyotoka ng'ambo, na kama kakao ilikuwa imechachuka au la. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha kufanya hivyo. Akasema hakuna, ila aliona haifai mali ya watu ipite mikononi mwake bila hata mtu mmoja kuihesabu. Pembeni mwa siku ya tatu ameandika jina la kijiji chake, na mbele yake alama ya kuuliza.